Kulungu wa Bwana Whitlock

Kaka yangu Jedidia aliuawa na picha. Bwana Whitlock, mchoraji kutoka New York, alitaka kuuona mlima wetu kutoka juu zaidi, akamtuma Jed atangulie kumtafutia njia. Theluji ikakatika chini ya miguu yake. Tulimfukia kwa mawe, maana ardhi ya Kolorado ilikuwa imeganda.

Mimi nilikuwa nikimpikia bwana yule maharage na kumsagia rangi. Nilimwomba kitu kimoja tu.

"Mtie Jed kwenye picha, bwana, hata akiwa mdogo kama kidole. Hana picha nyingine duniani."

Akamtia: shati jekundu, kofia mkononi, amesimama ukingoni mwa genge. Nililia kwa furaha.

Theluji ilipoyeyuka, akaniita. "Tirza, nisagie kahawia. Namfunika kaka yako."

"Unamfunika? Amekukosea nini?"

"Anaiharibu nyika, binti. Watu wa mjini wanataka nchi ambayo haijakanyagwa. Nitaweka kulungu."

"Haijakanyagwa! Na hii nyumba unayokula maharage yake imeota yenyewe?"

"Usinune. Kulungu naye anapendeza."

Nilimchukia. Nikasaga kahawia, nikaitia lami kwa wingi. Lami hung'arisha rangi, lakini haikauki, na ikipata joto hutembea. Shati la Jed chini yake lilikuwa limekwisha kukauka tangu majira ya baridi.

"Hujapata kunisagia kahawia nzuri kama hii!" alisema.

"Asante, bwana."

Picha ilipopelekwa Denver, nami nilikwenda, nimevaa gauni la marehemu mama. Ukumbi ulijaa, taa za gesi zikiwaka karibu kabisa na turubai. Whitlock alikuwa akihutubia juu ya nchi isiyomjua mwanadamu. Kulungu akaanza kulegea magoti. Shingo ikarefuka, tumbo likatiririkia gengeni.

"Jamani, mnyama anayeyuka!" mama mmoja alipiga kelele. "Na yule mwenye shati jekundu ni nani?"

"Ni Jedidia Colby," nilijibu kwa sauti ya kuitia ng'ombe. "Alikufa akimtafutia njia huyu anayehutubia, naye akamfunika kwa kulungu."

Ukumbi mzima ukamgeukia. Whitlock akachomoa leso, akakimbilia picha.

"Mfute," nilimwambia. "Mfute tena, leo wakuone."

Leso ikabaki mkononi mwake.