Mwani Sebuleni

Lenah alikuwa mtu wa kufuata maagizo, ndiyo maana yale maji yalimchanganya. Agosti ya 1993 mumewe, Mukhisa, alikuja likizo kutoka kazini Mombasa na tangi la kioo, samaki watano wa baharini na mitungi ya maji ya chumvi. Akavipanga sebuleni kwao mtaa wa Kibomet, Kitale, akatoa ahadi: samaki wakifika Krismasi wazima, ataacha kazi ya pwani na kufungua duka la samaki wa mapambo mjini Bungoma. Wakifa, basi bara haiwafai, naye atabaki huko huko.

Nani Bungoma atanunua samaki wasioliwa, Lenah hakuuliza. Alitaka mume nyumbani.

Haukupita muda mwani ukaota. Ulianza kama vumbi la kijani kwenye kioo, ukapanda mawe, ukaning'inia kama nywele. Lenah akafunga pazia jua lisiingie, akasugua kioo, akabadilisha maji. Chakula aliwapa kiduchu, siku moja ndiyo, siku moja hapana, kama Mukhisa alivyomwagiza. Lakini kila akitoka kufundisha, anakuta kijani kimezidi. Mama mkwe wake, Nekoye, aliyehamia kwao kutoka Bumula, alishinda karibu na tangi akisikitika tu.

Samaki wawili wakafa. Lenah akaenda posta kumpigia Mukhisa simu, naye akasema hakuna kingine, anawalisha kupita kiasi. Lenah akaapa. Mukhisa hakumwamini. Lenah akarudi nyumbani kichwa kikimzunguka, hajui tena kama ni maji, ni kioo, au ni yeye aliyerukwa na akili. Jirani yake Cherop akamshauri atafute mwombezi, na karibu akubali.

Ijumaa moja walifunga shule mapema. Alipoingia sebuleni alimkuta Nekoye amepanda juu ya kigoda na sahani mkononi, akifikicha ugali na dagaa wa omena ndani ya tangi.

"Mama, unafanya nini?"

"Hawa ni wageni ya mtoto wangu," Nekoye akasema bila wasiwasi. "Wewe unawapimia chakula kama dawa. Mimi nikaona aibu. Na wakikufa na njaa, si Mukhisa atabaki huko?"

Hasira ya Lenah ikakosa pa kwenda. Akamweleza polepole kwamba chakula kisicholiwa huoza, na kinachooza hulisha mwani jinsi samadi inavyolisha mahindi yao kule Bumula.

Nekoye akashuka. Akaiweka ile sahani chini.

"Kwa hivyo ni mimi namzuia asirudi."

Lenah, mtu wa maagizo, akadanganya. "Hapana, mama. Ni hii maji ya Kitale."

Nekoye alipandisha mkono wa gauni lake, akatumbukiza mkono tangini hadi kwenye kiwiko na kuanza kung'oa mwani. Aling'oa mpaka giza likaingia. Chakula kilipopakuliwa alisukuma sahani yake bila kuonja, akasema ameshiba.