Pengo Katika Uzio wa Mikkelsen

Wilaya ilikuwa inatimiza miaka mia na hamsini, na kamati ikaamua kutoa kitabu: kila familia ya wakulima ijiandikie historia yake, ukurasa mmoja, mwisho wa kupokea Ijumaa. Ardith Hruska aliuchukia huo ukurasa mmoja tangu siku alipousikia. Koo mbili, ukoo wa kwao na ukoo wa mumewe, zimelima Nebraska tangu babu wa babu zao, halafu zibanwe kwenye karatasi kama salamu za Krismasi! Lakini hakuwa mtu wa kuacha kazi njiani. Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, alifuta makombo mezani, akavaa miwani, akaanza kumsomea mumewe alichoandika.

"'Nels Mikkelsen na Emil Hruska walikuwa majirani, mashamba yao yakitenganishwa na uzio mmoja wa seng'enge.'"

"Ongeza kwamba Nels baba yako alikuwa mbishi kuliko nyumbu," Verlin alisema huku akipuliza kahawa.

"Na wako je? Alimgombeza mchungaji mbele ya watu kwa kuomba mvua, eti majani yake bado yamelala shambani hayajafungwa."

"Mvua ilinyesha kweli, mama. Yakaoza yote."

Walicheka, wazee wawili waliozoeana. Kisha Ardith akashusha sauti, maana alikuwa amefika pagumu.

"'Juni 1968 fahali wa Emil alipita kwenye pengo la uzio, katika nusu ya Nels, akamuua binti mdogo wa Nels, Inga, mwenye miaka kumi na miwili.'"

Kwao uzio wa mpakani hauna kesi. Majirani husimama katikati yake, kila mtu shambani kwake, wakatazamana. Nusu iliyo mkono wako wa kulia ni yako kuitengeneza hadi ufe. Pengo lilionekana katika nusu ya Nels, kwa hiyo Emil hakudaiwa hata pole. Majirani walileta mabakuli ya tambi za kuoka, wakasema ni ajali, si kosa la mtu. Kosa la nani kila mmoja alilijua. Nels aliuza ng'ombe wake wote kabla ya theluji ya kwanza. Kanisani alihamia kiti cha nyuma kabisa, na yule aliyekuwa akiimba mpaka madirisha yatikisike hakuimba tena.

"Hilo futa," Verlin alisema.

"Nifute nini? Wilaya nzima inajua."

"Wilaya nzima inajua uongo."

Ardith alivua miwani. Verlin alikuwa anatazama kikombe chake, na masikio yake yamekuwa mekundu.

"Pengo lilikuwa kwetu," alisema. "Nyinyi mlipokuwa ndani na daktari, baba alinipa koleo ya kukatia waya. Tukaziba kwetu kwa seng'enge kuukuu, yenye kutu, isije ikaonekana ni mpya. Halafu tukaenda tukakata yenu."

"Tuka? Nani alikata?"

"Mimi. Baba alishika nguzo."

Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa amelala kitanda kimoja na Ardith miaka arobaini na tisa.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na tisa. Nilikuwa namwogopa baba, Ardith. Unamjua alivyokuwa."

"Emil alikufa mwaka sabini na nne. Baada ya hapo ulikuwa unamwogopa nani?"

"Wewe," Verlin alisema.

"Ndiyo maana ulinioa? Unilipe?"

"Mwanzo nilikuja kwenu kusaidia kazi kwa sababu hiyo, ndiyo. Halafu nikakupenda. Hilo si uongo, mama."

Alimwamini, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Angekuwa mtu mbaya, angalau angejua amchukie kuanzia wapi. Huyu ndiye aliyemlea Curtis wao alipougua mapafu, ndiye aliyemwosha mama mkwe miguu. Na ndiye huyo huyo aliyekwenda na Nels kila masika kukagua ile nusu, nyundo mkononi, shamba halina hata ndama. Mkwe mwema, watu walisema. Anamshikia mzee waya.

"Kila masika, baba Curtis," Ardith alisema. "Kila masika mpaka anakufa. Mlikuwa mnazungumza nini?"

"Mambo ya kawaida. Bei ya mahindi."

"Usinifiche tena."

Verlin alijipangusa uso kwa kiganja. "Mara moja aliniuliza. Alisema, 'Verlin, mtu mwingine angeliona lile pengo mapema?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia mtu yeyote angeweza kupitiwa."

Ardith aliipiga meza kwa mikono yote miwili, kahawa ikamwagika mpaka sakafuni. "Alikufungulia mlango!" alipiga kelele. "Alikufungulia mlango kwa mkono wake, ukamfungia humo ndani!"

"Maji yakimwagika—"

"Usinipe methali! Niletee karatasi nyingine."

Aliileta. Ardith aliandika kila kitu: kutu, koleo, nani alikata na nani alishika nguzo. Alipomaliza aliisukuma karatasi upande wa pili wa meza.

"Curtis atasoma," Verlin alisema. "Wajukuu watasoma. Hata nikizikwa watakuwa wanasoma."

"Baba yangu walimsoma usoni kila Jumapili."

Verlin aliishika kalamu muda mrefu, hata Ardith akadhani hatatia sahihi. Akatia. Kisha akasimama, akachukua kofia.

"Unakwenda kaburini kwa mzee? Ngoja nikupeleke."

"Leo hapana," Ardith alisema.

Aliendesha pikapu mwenyewe hadi makaburi ya kanisa la kwao, la wahamiaji kutoka Denmark. Upepo ulikuwa mkali, ukimpiga sketi miguuni. Kwa mazoea alisimama kwanza kwa Inga, halafu akasogea hatua mbili hadi kwenye jiwe la baba yake, akainama kama mtu anayezungumza na mzee asiyesikia vizuri.

"Baba, ni mimi, Ardith," alisema. "Uzio wako ulikuwa mzima."