Koo la Asteria

Asteria alimwahidi Vumilia, binti wa kaka yake, jambo moja tu: hatajifungua peke yake. Mume wa Vumilia, Cyprian, alikuwa amekwama Bukoba tangu korona iliposimamisha ndege, na mama mzazi wa Vumilia alishafariki. Alibaki shangazi.

Uchungu ulipoanza, Asteria alikwisha kutwanga pilipili manga za uji wa mzazi, madirisha yamefungwa kwa baridi. Wakachukua teksi kutoka Tumba walikoishi hadi hospitali ya Flemingsberg, chupa ya uji mapajani. Njiani koo likaanza kumwasha. Akameza mate.

Mlangoni walipokelewa na mkunga mwenye barakoa, naye tumbo limeanza kuonekana chini ya koti la plastiki. Msindikizaji ni mmoja, alisema kwa Kiswidi, na awe mzima. Kuna homa? Kikohozi? Koo kuwasha?

Neno moja lingemwingiza ndani. Lakini Asteria alifanya kazi ya kuhudumia wazee, na alijua korona ilivyoingia kazini kwao kwa neno "ni mafua tu", na wangapi walitolewa wamefunikwa shuka.

"Koo linaniwasha," akajibu.

"Shangazi, mwambie ni pilipili," Vumilia akasema kwa Kiswahili, ameshika kiuno.

"Sijui kama ni pilipili, mwanangu."

Vumilia akaingizwa ndani bila kugeuka. Asteria akakaa kwenye benchi la kituo cha basi, akalia hadharani, mtu mzima na akili zake. Kisha simu yake ikalia: mkunga alikuwa ameweka ya Vumilia kwenye mto, sauti wazi. Basi shangazi akabembeleza, akakemea, akaomba Mungu, mabasi yakija na kuondoka, mpaka akasikia mtoto analia.

Kipimo cha korona cha Asteria kilitoka safi. Ilikuwa pilipili.

Vumilia alirudi nyumbani amenuna. Siku nzima alijibu kwa mkato, na uji aliunywa akitazama ukuta.

"Kumbe ungeingia," akasema hatimaye.

"Ningeingia."

"Nilikuita, Shangazi. Simu haina mkono."

Hilo lilimchoma Asteria. Akamweka mtoto vizuri begani.

"Yule mkunga ndiye aliyenishika," Vumilia akaendelea, sauti imeshuka. "Nilimminya mpaka basi. Kumbe naye ana mimba."

"Tumbo lake nililiona mlangoni," akasema Asteria.

Vumilia akamaliza uji uliobaki. Kisha akanyoosha kikombe.

"Niongezee. Na pilipili usipunguze."