Pasi ya Kaka Ambakisye

Usiku wa kuamkia leo niliota ninacheza tena mpira wa Kimarekani, ule wa umbo la yai, na marehemu kaka yangu Ambakisye ndiye aliyeushika. Uwanja ulikuwa sebuleni kwetu Tukuyu. Makochi yalikuwa yametolewa nje kama siku ya msiba, na mistari ya chokaa ilipita chini ya kabati la vyombo.

Kaka ananirushia. Mpira unanigonga vidole na kudondoka. Nami nafanya kile kile nilichofanya kwenye mechi ya kweli, miaka mitatu iliyopita: nashika kiuno na kusimama.

"Ilikuwa pasi ya mbele," nasema. "Imedondoka, basi mpira umekufa."

Papo hapo wanawake wanaingia na masufuria, wanabandika chai ya wafiwa. Mchungaji ananiuliza mpira umeacha watoto wangapi.

"Sijafa," mpira unasema kutoka sakafuni. "Pasi ya nyuma ikidondoka, mimi naendelea kuwa hai. Yeyote aniokote."

Anaitwa mwamuzi. Inakuja futi kamba ya seremala, ile ile iliyompima kaka kwa ajili ya jeneza. Inajikunjua kutoka kwenye kiganja cha kaka hadi kwenye kidole changu.

"Mbele, sifuri," inasema. "Nyuma, sifuri. Imekwenda ubavuni."

"Ya ubavuni inahesabiwaje?"

"Ya nyuma. Soma kitabu cha sheria."

Moyo unaniuma. Kaka alisema pasi hiyo ilikuwa ya nyuma, nami nikamwita mwongo mbele ya timu nzima. Miaka mitatu sikumwamkia, hata tulipokutana mlangoni kwa mama, mpaka nikaitwa kutupa udongo kaburini kwake.

"Shikamoo, kaka," nasema. "Ulisema kweli."

"Marahaba. Sasa okota, mdogo wangu. Filimbi bado haijapulizwa."

Nainama. Sakafu imekuwa shimo la udongo mwekundu, na mpira uko chini kabisa, unahema. Nalala kifudifudi, naunyoosha mkono hadi bega linauma. Vidole vinaugusa.

Nikaamka. Mpira wetu ulikuwa chini ya kitanda changu, umeisha upepo tangu mechi ile, na sikuwahi kuujaza. Nimeuvuta nikaubonyeza. Ni mgumu, umejaa, na kwenye kamba zake kuna udongo mwekundu.

Tangu alfajiri nimekaa nao mapajani. Sina wa kumrushia.