Upande wa Kulia wa Rufino

Rufino Caraballo ndiye mchezaji bora wa besiboli aliyewahi kuzaliwa Santa Rosalba, na anayebisha aje tubishane. Alicheza kwa Wamarekani, akalipwa hela ambazo kiwanda chetu cha sukari hakijawahi kuzinusa. Lakini ligi ya kule ikiisha alirudi nyumbani, akavaa jezi yetu iliyopauka, akasimama upande wa kulia wa uwanja kila Jumapili. Alikuwa na mkono wa ajabu. Mpira akiudaka kule mwisho, kwenye uzio wa miwa, aliutupa hadi kituo cha nyumbani, anapochuchumaa mdakaji wetu, bila kugusa chini.

Hela zake nyingi ziliishia ng'ambo ya mto, kwa wakata miwa wa Kihaiti wanaoishi vibandani. Aliwachimbia visima, akawaletea daktari. Mwaka wa kile kimbunga, mto ulipofurika, madereva wote walikataa kuvuka. Rufino akapakia dawa kwenye lori lake, akashika usukani mwenyewe. Daraja likaenda na maji, naye yumo.

Tangu hapo tuna desturi. Jumapili ya kumbukumbu yake, katika mzunguko wa kwanza, upande wa kulia hauna mtu. Tunacheza wanane badala ya tisa, na mwamuzi anafumba jicho. Mimi, mchomeleaji wa kiwandani, ndiye niliyerithi nafasi ile, kwa hiyo siku hiyo nakaa benchi nimevua kofia. Watu hulia. Nilijivunia kukaa pale kuliko chochote nilichowahi kufanya nikiwa nimesimama.

Mwaka huu kumbukumbu iliangukia siku ya fainali, na wapinzani walikuwa Monte Claro. Tangu Rufino afe hatujawahi kuchukua kombe mbele yao. Wengine wote tuliowahi kucheza nao siku ya kumbukumbu walikuwa na adabu, hawakupiga kulia makusudi. Kocha wa Monte Claro, Nereo, adabu hana.

"Pigeni kulia!" akawapigia kelele vijana wake. "Kule kuna mzimu tu, na mzimu haudaki!"

Mpigaji wa kwanza akapiga kulia. Mpira ukabingirika hadi kwenye uzio. Chago, anayecheza katikati, akaukimbiza kama anafukuza kuku, na hadi anaushika, jamaa alishazunguka vituo vyote na kufika nyumbani. Wa pili naye kulekule. Huyo akaishia kituo cha tatu, akasimama anacheka.

Kocha wetu Bienvenido akanigeukia. "Osiris, tunafanyaje?"

"Desturi ni desturi."

"Tutafungwa kabla hatujashika gongo la kupigia, bwana!"

"Basi tufungwe."

Nyuma yetu kiti cha plastiki kikalia. Mama Eufemia, mjane wa Rufino, alikuwa anainuka na mwavuli wake.

"Osiris, umekalia nini hapo?"

"Namheshimu marehemu, mama."

"Kwa makalio?"

Benchi zima likacheka. Yeye hakucheka.

"Rufino alikufa kwa sababu hakuweza kuona mahali palipo wazi. Kule ng'ambo hakukuwa na mtu wa kwenda, akaenda yeye. Halafu nyinyi mnamkumbuka kwa kuacha mahali wazi! Miaka yote nimenyamaza kwa kuwa mlikuwa mnalia. Leo nimechoka."

Akabeba kiti chake, akakatiza uwanja polepole hadi upande wa kulia, akakaa. Akafungua mwavuli.

"Mama, toka, tunacheza!" mwamuzi akamwita.

"Chezeni. Angalau mimi nipo."

Nereo akapiga makofi. "Sasa wametuletea bibi!"

"Nereo! Mimi ndiye niliyemzalisha mama yako. Ulitoka na mdomo wazi, na hujaufunga hadi leo!"

Hata vijana wa Monte Claro walicheka. Mimi nilikuwa nimeshavaa kofia. Nilikimbia na goti langu bovu, nikafika nahema.

"Umechelewa," akaniambia. "Beba kiti ukiweke pembeni."

Nikakibeba. Nyuma ya uzio walisimama wale wakata miwa wa ng'ambo ya mto, ambao huja na ngoma zao kila mwaka na kuziacha kimya mzunguko wa kwanza. Safari hii, mama alipopita mbele yao, wakaanza kuzipiga.

Mpigaji wa tatu akautandika juu sana, kulia. Nikarudi nyuma, nikarudi tena, mgongo ukagonga uzio, mpira ukaingia kwenye glavu. Mpira ukishadakwa, aliye kituo cha tatu ana ruhusa ya kukimbilia nyumbani, na yule aliyekuwa anacheka aliondoka kama mshale. Nikautupa kwa nguvu zote nilizonazo. Ukadunda. Ukadunda tena. Mdakaji wetu akaunyaka, akamgusa kifuani jamaa aliyekuwa bado hewani akijirusha kituoni.

"Nje!" mwamuzi akanyanyua ngumi.

Kelele zile nilizisikia hadi kwenye meno. Tulishinda tatu kwa moja, na kombe liko juu ya friji ya baa ya Bienvenido, nendeni mkalione.

Baada ya mchezo nilimrudishia Mama Eufemia kiti chake.

"Umeudundisha mara mbili," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Rufino hakuwa anaudundisha."

"Najua, mama."

Akafungua kopo lake, akanipa kashata ya nazi.

"Lakini ulifika," akasema.