Karatasi Iliyokunjwa Mara Moja

Wizarani kila mtu alimwita Mchakato, na jina hilo alilipata kwa jasho lake mwenyewe. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa moja tu: kuandika majibu ambayo Waziri wa Elimu angeyasoma bungeni kana kwamba ameyawaza mwenyewe akiwa bafuni. Wabunge wakauliza madawati, Mchakato akaandika kwamba serikali inalitambua hilo na mchakato unaendelea. Wakauliza walimu, mchakato ukaendelea. Wakauliza vyoo vya wasichana, mchakato ukawa katika hatua za mwisho. Watu walimsifu Waziri kwa ufasaha, lakini ukiona vyaelea ujue vimeundwa, na muundaji alikuwa bwana huyu mwenye suruali ya kijivu na kalamu mbili mfukoni.

Asubuhi hiyo alikaa kwenye benchi la maofisa, nyuma ya viti vya mawaziri, na makalio yake yalikataa kutulia. Alipandisha mguu wa kulia juu ya wa kushoto, akashusha, akapandisha wa kushoto. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma juu ya kichwa chake na bado kijasho chembamba kilimtoka. Kila baada ya dakika moja aliinua macho kwenye jukwaa la wageni, safu ya pili. Dada yake alikuwa amekaa pale na mkoba wake mapajani, kavaa gauni lake la sherehe.

Dada huyo alikuwa mwalimu mkuu wa shule waliyosoma wote wawili. Mwaka uliopita upepo uling'oa paa la madarasa manne. Alimpigia mdogo wake simu, na mdogo wake akamjibu kama ofisa: andika barua, dada, ipitie ngazi zote. Akaandika barua. Ngazi zikaimeza. Mwishowe akamwendea mbunge wake, na mbunge akauliza swali, na swali likapewa namba arobaini na saba, likateremka kutoka ofisi hadi ofisi mpaka likatua juu ya meza ya Mchakato. Dunia ni duara, wanasema, ila siku nyingine inazunguka kwa makusudi. Dada alijua mdogo wake yuko wizarani, ila hakujua kwamba majibu huandikwa na yeye.

Jibu aliloandika lilikuwa la mstari mmoja na nusu. Ukarabati wa madarasa yote manne umekamilika kwa asilimia mia moja na wanafunzi wanayatumia.

Hakulitunga kichwani. Taarifa ya wilaya ndiyo iliyosema hivyo, nayo ilifika Ijumaa jioni watu wakifunga droo, ikiwa na picha. Paa jipya linang'aa, ukuta mweupe, madirisha manne. Mchakato aliitazama picha ile na kitu kikamchoma. Madarasa ya shule yao yana madirisha matatu. Alijua hivyo kwa sababu alipokuwa darasa la nne alisimamishwa mbele ya wenzake kwa kosa la kutazama nje, akaamriwa ayahesabu madirisha kwa sauti, ili darasa zima lijue ni kipi kilicho huko nje kinachoshinda hesabu za kugawanya. Mwalimu aliyemwamrisha alikuwa dada yake huyo huyo, wakati huo mwalimu mpya, mkali kama pilipili kichaa. Aliyahesabu mara ishirini. Yalikuwa matatu kila mara.

Ijumaa hiyo akahesabu tena, kwa ncha ya kalamu. Manne. Mkurugenzi alikuwa kasimama mlangoni, mkoba begani, anasubiri jalada. Kumpigia dada simu kungechukua dakika mbili. Hakupiga, kwa sababu alijua atakachoambiwa, na akishaambiwa itabidi afanye kitu. Akajisemea labda wameongeza dirisha. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu. Akaandika asilimia mia moja, akalitoa jalada, akaenda nyumbani kula.

Leo saa mbili asubuhi simu ikamkuta anafunga tai.

"Mdogo wangu, swali letu ni leo," alisema dada. "Mbunge amenipa nafasi ya kuja kusikiliza. Niko getini."

"Dada, hilo paa," alisema Mchakato. "Hawajafika hata kuanza?"

Dada akacheka. "Paa gani? Tuna maturubai mawili, na sehemu iliyobaki tumemwachia Mungu. Mvua zimebakiza wiki tatu tu. Lakini leo tutasikia, au siyo?"

Basi ndiyo maana hakutulia. Mtu wa nje angesema ni maneno tu, yatasemwa, yatapita. Mchakato alijua yanakokwenda. Neno likisemwa na waziri ndani ya ukumbi ule linaingia kwenye taarifa rasmi, na taarifa rasmi ndiyo inayotumika kupunguza orodha ya shule za kukarabatiwa. Shule iliyokamilika hufutwa. Ikishafutwa, kuirudisha ni kazi ya miaka, kwa sababu kwanza lazima mtu akubali kwamba waziri alisema uongo. Watoto mia mbili wangenyeshewa kwa ajili ya mstari mmoja na nusu wake.

Waziri wa Kilimo alikuwa amesimama, anajibu kuhusu mbolea iliyofika baada ya watu kumaliza kupanda. Alisema msimu ujao itafika kwa wakati. Alikuwa amesema hivyo msimu uliopita pia, na Mchakato alimtambua mwandishi kwa mpangilio wa koma. Likafuata swali kuhusu ofisi ya vyeti vya kuzaliwa inayofunguliwa Jumanne tu. Swali la arobaini na tano.

Mchakato akamwinamia Mkurugenzi aliyekaa kando yake, mama wa miwani yenye mnyororo, ambaye hakuwahi kupandisha sauti kwa sababu hakuwahi kuhitaji.

"Mama, kuna shida kwenye arobaini na saba. Picha si ya shule ile. Paa halipo."

"Nani kasema?"

"Mwalimu mkuu. Ni dada yangu. Yuko pale juu."

Mkurugenzi hakuinua macho kutazama juu. "Na wewe umelijua lini?"

"Leo asubuhi," alisema. Huo nao ulikuwa uongo, na ulitoka kirahisi kuliko alivyotarajia.

"Basi funika kombe mwanaharamu apite. Nimeshaweka sahihi. Tutarekebisha kwa barua."

"Shule itafutwa kwenye orodha, mama."

"Orodha hazijaisha duniani," alisema Mkurugenzi, na akafungua ukurasa mwingine.

Hapa inafaa kueleza habari ya mikunjo, maana bila hiyo hadithi hii haiendi. Maswali ya msingi hujibiwa kwa maandishi yaliyoandaliwa, lakini mbunge ana haki ya swali la nyongeza papo hapo, na hapo waziri hugeuka nyuma kuomba msaada. Ofisa huandika kijikaratasi, mhudumu wa ukumbi hukipeleka. Sasa Waziri huyu alikuwa na tabia ya kusoma kila kilichowekwa mkononi mwake. Mwaka wake wa kwanza alipelekewa karatasi, akasimama wima, akalitangazia Bunge zima: "Mheshimiwa Spika, kifungo cha suruali kimefunguka." Tangu siku ile wizara ikaweka utaratibu. Karatasi iliyokunjwa mara moja ni ya kusomwa kwa sauti. Iliyokunjwa mara mbili ni ya kujua tu. Utaratibu ulifanya kazi vizuri, isipokuwa kwamba zile za mikunjo miwili Waziri alizitia mfukoni bila kuzifungua, na mke wake ndiye aliyezisoma siku ya kufua.

"Swali namba arobaini na saba," alisema Spika.

Waziri akasimama, akasoma mstari mmoja na nusu kwa sauti ile nzito iliyowapendeza watu wa redio. Umekamilika kwa asilimia mia moja. Mchakato akatazama juu. Dada yake hakuonekana kukasirika. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo na kutega sikio, kama anavyofanya mtoto akisoma vibaya naye anasubiri ajirekebishe mwenyewe. Mchakato aliona afadhali angekasirika.

Mbunge wao akasimama kwa swali la nyongeza. "Mheshimiwa Spika, kama ukarabati umekamilika, mwalimu mkuu wa shule hiyo, ambaye ni mgeni wetu leo, amekaa pale juu. Waziri amweleze yeye: hayo madarasa yako wapi?"

Ukumbi ukaguna. Waziri akageuka, akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, kama dereva anayeomba chupa ya maji.

Mkurugenzi alikuwa ameshaandika. Serikali imepokea hoja hiyo na itaifanyia kazi. Akaisukuma kwa Mchakato aikunje, maana mhudumu alizoea kupokea kutoka mkono wa Mchakato peke yake. Mchakato aliichukua. Chini ya jalada lake kulikuwa na karatasi nyingine aliyoiandika wakati wa mbolea, kwa sauti ya Waziri, kwa koma za Waziri. Alikuwa ameikunja mara mbili, akaikunjua, akaikunja tena, hata mistari ya mikunjo ikawa laini. Mara mbili, ingelala mfukoni na asingekuwa na kosa lolote. Angeweza kuapa kuwa alionya. Alijijua. Miaka kumi na mmoja alikuwa ameishi ndani ya mkunjo huo wa pili, na kulikuwa na joto zuri humo.

Mhudumu alikuwa kasimama mbele yake. Mchakato akaiweka karatasi ya Mkurugenzi chini ya jalada, akaitoa ya kwake, akaikunja mara moja, akaipitisha ukucha ili mkunjo ushike. Akampa.

"Umekunja ipi?" aliuliza Mkurugenzi.

Waziri alikuwa ameshaanza.

"Mheshimiwa Spika, naomba kufuta jibu langu la awali. Shule hiyo haina paa. Picha tuliyoletewa ni ya shule nyingine, yenye madirisha manne, na..." Hapa Waziri akapunguza mwendo. Shingo yake iliiva. Alikuwa ameelewa anachosoma, lakini sentensi ilikuwa imeshamshika mkono, na Mchakato alikuwa ameiunda isiwe na mahali pa kushukia. "...na ofisi yangu ilipaswa kuliona hilo. Ukarabati haujaanza. Naomba shule hiyo ibaki kwenye orodha, na ipewe kipaumbele kabla ya mvua."

Mtu mmoja akapiga meza, na wa pili, na pande zote mbili za ukumbi zikapiga meza mpaka Spika akaomba utulivu. Waziri hakufika alipofika kwa kuwa mjinga. Alipousikia mvumo ule, akanyoosha koti, akaongeza la kwake bila karatasi: "Mimi, Mheshimiwa Spika, si mtu wa kuficha ukweli." Akakaa, na jirani yake akampigapiga begani.

Mkurugenzi alivua miwani, akaifuta taratibu, akaivaa.

Kwenye korido, kipindi cha maswali kilipokwisha, Mkurugenzi alimnyooshea Mchakato mkono. "Jalada." Mchakato akampa. "Waziri amefurahi, kwa hiyo hakuna atakayekufukuza. Lakini kwenye benchi lile usionekane tena. Kuna makabati ya majalada ya zamani kule chini yanahitaji mtu. Utaanza baada ya wiki mbili za likizo."

"Sawa, mama."

"Hukulijua leo asubuhi," alisema Mkurugenzi. "Uliitaja idadi ya madirisha." Akaondoka, viatu vyake vikigonga sakafu bila haraka.

Dada yake alishuka ngazi akishika reli, anatabasamu meno yote. Alikuwa hajatabasamu hivyo mbele yake tangu harusi ya binti yake. Akamshika mikono yote miwili.

"Umesikia? Tumebaki kwenye orodha. Mbele ya watu wote. Waziri wenu mkweli, jamani, sikutegemea." Akafuta jicho kwa ncha ya kitambaa. "Ila yule aliyemwandikia lile la kwanza. Kakaa kwenye kiti chake, kaona watoto wangu wanaota jua mwaka mzima, kaandika asilimia mia. Huyo Mungu anamwona."

Watu walipita kando yao wakizungumza kwenye simu. Mchakato alikuwa na majibu ya kila aina. Serikali inalitambua hilo. Hatua stahiki zitachukuliwa kwa wahusika. Angeweza hata kunyamaza tu, na dada angepanda basi la saa nane akiwa na furaha, na mpaka kaburini asingejua. Yote hayo yalimjia mdomoni yakiwa yamepangwa vizuri, na koma zake.

"Ni mimi, dada."

Tabasamu halikutoweka mara moja. Lilibaki usoni kwa muda, halina kazi. Kisha mikono yake ikaiachia ya mdogo wake.

"Picha uliiona?"

"Niliiona."

"Ukahesabu?"

"Nilihesabu. Manne."

Akamtazama kwa muda mrefu, na Mchakato akajiona tena na kaptula, kasimama mbele ya darasa, wenzake wote kimya. Hakuna aliyewahi kumtazama hivyo tangu siku ile. Alitamani amchape kofi amalize.

Dada akaning'iniza mkoba begani, akatembea mpaka mlango wa nje, akasimama bila kugeuka.

"Wiki mbili za likizo, nilimsikia yule mama nikiwa ngazini."

"Ndiyo."

"Darasa la nne halina turubai. Jumatatu saa moja na nusu uwe umefika. Utakaa humo, utafundisha kugawanya." Akasukuma mlango kwa bega. "Na ukisikia mvua inakuja, usiangalie dirishani. Angalia juu."