Mizani Sitini na Nne

Krrr. Krrr. Krrr.

Nilikuwa bafuni, povu la dawa ya meno limejaa mdomoni, niliposikia sauti hiyo. Sikuhitaji kuona kitu. Panya hakwaruzi kwa mpangilio namna ile. Huo ulikuwa wembe juu ya karatasi, na nyumbani kwetu wembe ukikwaruza karatasi asubuhi, ujue kuna shairi langu linakufa.

Nilitoka mbio na mswaki mkononi. Dada alikuwa ameinamia meza ya jikoni, ncha ya ulimi imetokeza pembeni mwa mdomo, anakwangua wino kwenye ukurasa wa nane kama anayeparua samaki. Bibi yetu alikaa pembeni yake akinywa chai, ametulia kama shahidi aliyekwisha kuhongwa.

"Unafanya nini?" nikauliza, ingawa kwa sababu ya povu ilisikika vingine.

"Nafuta."

"Unafuta nini?"

"Wewe," akasema bila kuinua kichwa.

Mimi na dada tunatengeneza kitabu cha katuni. Kina kurasa nane, kinatoka kila mwezi, na wanaokisoma sana ni watu wanaosubiri zamu kwa kinyozi. Yeye anachora, mimi naandika maneno. Shujaa wetu anaitwa Bibi Kiti, mwanamke mzee anayekwenda kila ofisi na kiti chake cha kukunja kwa sababu amechoka kusubirishwa akiwa wima. Anakikunjua mbele ya dirisha, anakaa, na habanduki mpaka ahudumiwe. Adui yake ni Karani, mwenye dirisha, ambaye kila toleo ana sababu mpya ya kumwambia arudi kesho. Kwa matoleo kumi na moja Bibi Kiti hajawahi kuinuka kumpisha mtu. Bibi yetu anajua fika kwamba ni yeye, na halalamikii chochote isipokuwa pua.

"Pua hiyo si yangu," anasema kila mwezi. "Hiyo ni ya ukoo wa babu yenu."

Katika toleo la kumi na mbili Karani amestaafu. Anakuja ofisini kwake mwenyewe kufuatilia karatasi zake, na kijana aliyerithi dirisha anamwelekeza mwisho wa foleni. Ukurasa wa nane una visanduku vitatu. Cha kwanza, Karani amesimama kwenye foleni, bahasha ameikumbatia kifuani. Cha pili, Bibi Kiti kageuka, amemwona. Cha tatu, Bibi Kiti amesimama wima, na kati yao kuna kile kiti, kitupu.

Kwenye hicho cha tatu ndipo nilipoweka ubeti wangu:

*Jana ulitukomesha, dirishani ukicheka,*
*Leo zamu imekwisha, foleni imekushika,*
*Miguu inakuchosha, nawe sasa unachoka,*
*Kiti changu nakupisha, kaa utapumzika.*

Mizani kumi na sita kila mstari, mara nne, sitini na nne. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifundisha mwenyewe kwa kugonga vidole mezani, nikisoma diwani za maktaba ambazo nilipozifungua zilinipigisha chafya kwa vumbi la miaka. Ubeti huo ulinichukua siku tatu. Na sasa mstari wa pili ulikuwa umeshakuwa unga wa wino kwenye kitambaa cha meza, na wembe ulikuwa unaingia wa tatu.

"Nipe sababu," nikasema. "Sababu moja."

"Panawasha."

Hilo ndilo neno lake. Akimaliza ukurasa anaugeuza juu chini, anafumba jicho moja, anautazama, kisha anaweka kidole mahali fulani na kusema hapa panawasha. Baada ya hapo anaweza kujaza weusi nusu ya kisanduku, au kufuta mti mzima uliomla saa mbili. Ukimuuliza kwa nini, anakutazama kana kwamba umemuuliza kwa nini amepiga chafya.

"Kuwasha si sababu, Dada. Upele nao unawasha."

"Basi ubeti wako una upele."

Bibi alicheka mpaka chai ikampalia, ikabidi nimpigepige mgongo. Nilifanya hivyo kwa heshima lakini bila mapenzi.

"Vina vimetimia," nikaendelea. "Mizani imetimia. Hesabu mwenyewe, una vidole kumi."

"Vidole vyangu vina kazi."

Krrr, krrr, halafu pakatoka sauti nyingine, fupi, kama mtu aliyefyonza jino. Dada akaacha mkono hewani. Wembe ulikuwa umetoboa. Palepale ubeti wangu ulipokuwa, juu kidogo ya kiti, sasa kulikuwa na tundu kama kifungo cha shati.

Nilitabasamu tu, povu na yote.

Alimalizia kukwangua mistari iliyobaki, akakata kipande cha karatasi nyeupe, akakibandika kwa nyuma, akakisugua kwa kucha mpaka kikalala. Kisha akavaa ovaroli yake ya rangi kumi, maana yeye mchana ni mchora mabango, na siku hiyo bucha moja ilikuwa inamngoja. Akaniwekea kurasa zote nane kwenye bahasha.

"Peleka kwa Tona. Hivi hivi. Usiongeze hata nukta."

"Na kama—"

"Malenga, sikutanii." Huniita Malenga akitaka kuniuma. "Toleo la nane uliufunika uso wa Bibi Kiti kwa kiputo cha maneno kikubwa kama godoro. Toleo la kumi ulibandika maneno nikiwa kazini, nikayaona kwa kinyozi. Ukifanya hivyo tena leo, linalofuata natengeneza peke yangu."

"Na maneno ataandika nani?"

"Hakuna. Bibi Kiti atakuwa bubu. Watu wala hawatagundua."

Akatoka. Hiyo ya mwisho iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Yeye akiniacha, kitabu kipo. Mimi nikimwacha, nabaki na vidole vya kuhesabia. Siwezi kuchora hata yai.

Basi nikafanya kile ambacho mtu mwenye akili asingefanya. Niliuandika ubeti upya kwa mwandiko wangu bora, kwenye ukanda mwembamba wa karatasi, nikautia mfukoni pamoja na gundi.

"Nimekuona," akasema Bibi.

"Umeona nini, Bibi?"

"Pua bado mbaya."

Tona ni mzee mwenye duka la fotokopi. Jina halisi analo, lakini vidole vyake ni vyeusi kwa wino wa mashine mpaka kwenye viganja, na hata mke wake anamwita Tona. Amerudufu kila kitu katika mtaa wetu, barua za mapenzi na barua za kufukuzwa kazi, na anajivunia kwamba hajasoma hata moja.

"Mimi natazama kingo tu," husema. "Katikati ni shida zenu."

Siku hiyo alikuwa na haraka. "Kijana, saa sita kamili naanza mitihani ya shule. Kama hujamaliza, utarudi wiki ijayo."

Alipiga nakala moja ya kila ukurasa ili tuone. Saba zilitoka safi. Ya nane akaiinua kwenye mwanga.

"Hapa pana alama."

Kweli ilikuwepo. Kiraka cha Dada kilikuwa kizuri kwa macho, lakini mashine haina adabu, iliona ukingo wa tundu na kuuchora: duara jembamba la kijivu, linaelea juu ya kiti kama nzi aliyekosa pa kutua.

"Ziba na kitu," akasema Tona. "Una kitu?"

Nilikuwa nacho. Moyo ulinidunda kwa furaha ya mwizi aliyekuta mlango haujafungwa. Sasa haikuwa uasi, ilikuwa ukarabati. Nilitoa ukanda wangu, nikaulaza juu ya duara.

Duara likapotea. Likapotea na bega la Karani, na nusu ya bahasha yake.

Nikausogeza juu. Ukafunika kichwa cha mtu wa nyuma kwenye foleni. Nikausogeza kushoto, Bibi Kiti akapoteza sikio. Nikauondoa kabisa ili nipime upya, na hapo nikauona ukurasa ulivyo: mwanamke amesimama, mwanamume amesimama, kiti. Mikono ya Karani imebana bahasha kama mtoto aliyepewa kitu na kuonywa asikiangushe. Dada hakuwahi kumchora Karani na mikono. Matoleo kumi na moja mikono ilikuwa chini ya dirisha, haionekani. Nami nilikuwa nimeikalia na mizani zangu sitini na nne.

Nikaulaza ukanda tena. Mkono wangu wa kushoto, bila kuniomba ruhusa, ukapanda shingoni ukaanza kujikuna.

"Una nini?" akauliza Tona.

"Sijui. Panawasha."

Niliposikia neno hilo likitoka kinywani mwangu nilitaka kulirudisha. Nikausoma ubeti, taratibu, kama umeandikwa na mtu nisiyempenda. Mstari wa tatu. *Miguu inakuchosha, nawe sasa unachoka.* Miguu inamchosha, naye anachoka. Sawa na kusema mvua inanilowesha, nami nalowa. Na jambo baya zaidi, nilijua. Nilijua tangu siku ya kwanza, kabla sijagonga kidole hata kimoja. Sikio liliniambia mstari unachechemea. Nikaviita vidole, vikahesabu, vikasema kumi na sita, nikaliambia sikio likae kimya.

Sikio huwa ndilo linaloanza. Sijawahi kuandika mstari mzuri kwa vidole. Mstari unakuja, unakaa, na vidole vinakuja nyuma kutoa ushahidi kana kwamba vilikuwepo. Miaka yote hiyo nimekuwa nikimcheka Dada kwa kuwashwa, na mimi mwenyewe sina kingine ninachofanyia kazi.

"Saa tano na nusu," akasema Tona.

"Niazime mkasi, Mzee."

Nilitaka kuutupa ukanda wote. Nilitaka kwa dhati. Lakini duara lilikuwa pale, na mahali pale, sijui niseme vipi, palitaka kitu kidogo sana. Nikaukata mstari wa nne. Nikakata nusu yake. Nikaendelea kukata mpaka likabaki neno moja, dogo kama ukucha, nikalibandika juu ya duara.

*Kaa.*

Tona akainama akatazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakutazama kingo. "Neno moja tu? Watu watadhani wino umeisha."

"Wadhani."

"Kwa nini hilo?"

"Sijui, Mzee."

Alinitazama kwa wasiwasi. Nimeingia duka lile mwaka mzima, na hakuwahi kunisikia nikisema sijui.

Akapiga nakala moja. Nikamwomba asiendelee mpaka nirudi, nikakimbia.

Dada alikuwa juu ya ngazi mbele ya bucha, anamalizia kichwa cha ng'ombe kwenye bango. Mwenye bucha alisimama chini, mikono kiunoni.

"Fundi, kwa nini hacheki? Nilisema acheke."

"Ng'ombe anayecheka juu ya bucha hana akili timamu," akasema Dada. "Utauza nyama ya kichaa?"

"Sasa huyu anaonekana kama ananidai."

"Ndiyo. Watu watasimama kumtazama."

Nikampandishia ukurasa bila salamu. Alifuta vidole kwenye ovaroli, akaushika kwenye pembe. Akautazama. Kisha akaugeuza juu chini, akafumba jicho moja. Mwenye bucha naye akainamisha kichwa upande, ingawa hakuna aliyemwita.

"Nilisema usiongeze hata nukta."

"Najua."

"Umeongeza neno."

"Nimeongeza neno." "Duara la tundu lilionekana kwenye nakala. Lakini sitakudanganya, ningeweza kupaka nyeupe. Ubeti ulikuwa mfukoni, nilikwenda nao kwa nia mbaya. Nimeukata."

"Wote?"

"Zimebaki mizani mbili."

"Kwa nini hili?"

"Sijui, Dada."

"Kwa nini dogo hivi?"

"Likiwa kubwa panawasha."

Hakucheka. Aliugeuza ukurasa ukakaa sawa, akausogeza mbali, akausogeza karibu, na tone la rangi nyekundu likaanguka kutoka kwenye brashi yake likatua kwenye kiatu changu. Sikuhamisha mguu. Nikahesabu pumzi zake kwa vidole nyuma ya mgongo. Tabia haiishi siku moja.

"Mikono umeiona?" akauliza hatimaye, kwa sauti ya chini.

"Nimeiona."

"Nilidhani hutaiona kamwe."

Akanirudishia ukurasa. "Kimbia. Tona akianza mitihani hasimamishwi na mtu."

"Kwa hiyo linalofuata…"

"Linalofuata lina maneno. Machache." Akachovya brashi. "Na ukiniuliza tena kwa nini nafuta?"

Mwenye bucha alikuwa anasikiliza, na watu wawili waliokuwa wamesimama kumtazama ng'ombe, lakini nilisema kwa sauti ili wote wawe mashahidi.

"Sitakuuliza, Dada. Siku nikikuuliza, chukua wembe wako uje uzikwangue hizi ndevu nne nilizonazo, moja moja, mbele ya Bibi, nami nakuahidi sitahesabu."